Robert Koch: Tumfundishe Mzima, Tusimfundishe Nusu

Kila mwaka, ifikapo tarehe 24 Machi, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Katika shule za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini, wanafunzi huelezwa kwamba siku kama hiyo mwaka 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani aitwaye Robert Koch aliwatangazia wataalamu wenzake kuwa amekigundua kiini kinachosababisha maradhi hayo. Jina lake huandikwa ubaoni, hukaririwa, huulizwa katika mtihani, kisha husahauliwa. Aghalabu mwanafunzi huondoka akidhani kwamba Koch alikuwa mtu wa Ulaya tu, asiyekuwa na uhusiano wowote na nchi zetu, na kwamba katika maisha yake hakuwahi kukosea.

Rai yangu ni kwamba mambo yote mawili si kweli, na kwamba kuyanyamazia kunatudhuru. Koch alifika Afrika ya Mashariki zaidi ya mara moja. Alifanya kazi Dar es Salaam, Usambara na kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria, ziwa lile lile linalopokea maji ya mto Gucha, ambao wenzetu wa nyanda za chini huuita Kuja. Tena alikosea, na makosa yake yaliwagharimu watu uhai na macho. Ukiyaweka mafanikio na makosa hayo bega kwa bega, ndipo utakapopata somo la afya ya umma linalostahili kufundishwa.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la matabibu. Jibu langu ni kwamba maradhi huja na maneno, na maneno huonyesha ni nani aliyepewa haki ya kujua na ni nani aliyenyimwa. Nitalirejelea jambo hilo baadaye. Kwanza tuyatazame maisha ya mtu mwenyewe.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, eneo la machimbo ya madini kaskazini ya milima ya Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa machimbo, na nyumba ilijaa watoto. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Baada ya kuhudumu katika vita baina ya nchi yake na Ufaransa, aliteuliwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao siku hizi umo nchini Poland. Cheo hicho hakikuwa kikubwa. Alitibu wagonjwa, akachanja watoto, akaandika taarifa za vifo. Hakuwa na maabara, wala maktaba, wala mwenzake wa kushauriana naye. Alikuwa na hadubini, na pazia lililoitenga pembe moja ya chumba alimopokelea wagonjwa.

Nyuma ya pazia hilo ndiko alikoufumbua ugonjwa wa kimeta, ambao wafugaji wetu wanaujua vyema kwa jinsi unavyoua ng'ombe ghafula. Aliwachanja panya kwa vijiti vya mbao vilivyochovywa katika damu ya mifugo iliyokufa. Aliviotesha viini ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe, akaviona vikijigeuza kuwa vijimbegu vigumu vinavyoweza kuishi udongoni kwa miaka. Hapo ikajulikana kwa nini malisho fulani huua ng'ombe mwaka hadi mwaka, na kwa nini mzoga wa mnyama wa kimeta haufai kupasuliwa wala kuliwa. Mwaka 1876 alizifunga zana zake, akasafiri hadi Breslau kuwaonyesha maprofesa, nao wakakiri kwamba daktari huyu wa mashambani amewatangulia.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Huko aliendelea kutumia vitu ambavyo kila mama anavyo jikoni. Aligundua kwamba kipande cha kiazi kilichochemshwa na kukatwa kikiachwa wazi huota madoa ya rangi mbalimbali, na kila doa ni kabila moja la viini lililojitenga na mengine. Utaratibu wa kutumia agari, ule ute wa mwani unaogandisha vyakula, ulipendekezwa na Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyeufahamu kutokana na upishi. Ningependa walimu wa shule zisizo na maabara wayazingatie haya. Sayansi iliyobadilisha dunia ilianzia kwenye kiazi, nyuma ya pazia.

Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa kanuni zinazobeba jina lake. Ukitaka kusema kwamba kiini fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani, ni sharti ukikute kwa wagonjwa wa ugonjwa huo, ukioteshe peke yake nje ya mwili, kisha kikiingizwa katika mnyama mzima kimletee ugonjwa ule ule. Maana ya kanuni hizi ni nyepesi: usiniambie unaamini nini, nionyeshe. Kwa kanuni hizo alikithibitisha kiini cha kifua kikuu mwaka 1882, maradhi ambayo wakati huo yalikadiriwa kumwua mtu mmoja katika kila saba. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na Bara Hindi, akakitambua kiini cha kipindupindu na kuonyesha kwamba husafiri ndani ya maji.

Ushahidi wa maji ulijitokeza waziwazi mwaka 1892 mjini Hamburg. Mji huo uliwanywesha wakazi wake maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake, mji wa Altona, ulichota maji ya mto huo huo, tena upande wa chini ambako taka za Hamburg zilikuwa zimekwisha kuingia, lakini uliyapitisha kwanza katika vitanda vya mchanga. Kipindupindu kilipozuka, zaidi ya watu 8,000 walikufa Hamburg, ilhali Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mahali ambapo mpaka wa miji hiyo ulipita katikati ya barabara, upande mmoja uliugua na upande wa pili ukasalimika. Watu walikuwa wa lugha moja, hewa moja na dini moja. Tofauti ilikuwa mchanga. Sisi tunaokaa katika vilima vyenye chemchemi kila bonde, na vyoo juu ya kila chemchemi, hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta mfano mwingine.

Mpaka hapo ndipo vitabu vyetu hukomea. Mimi naomba tuendelee.

Mwaka 1890, akiwa kileleni mwa sifa, Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu. Kilikuja kuitwa tuberkulini. Wagonjwa kutoka pembe zote za Ulaya walimiminika Berlin, wengine wakiwa mahututi. Lakini Koch alikificha alichokitumia kukitengeneza dawa hicho, kwa hiyo wenzake hawakuweza kukipima. Haukupita muda, ikabainika kwamba wengi hawakupona, na baadhi yao hali ilizidi kuwa mbaya hata wakafa. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kusema nionyeshe, safari hii aliutaka uamini tu. Tuberkulini ilibaki na faida moja, nayo ni kupima kama mtu amewahi kuambukizwa.

Kosa la pili lilihusu maziwa. Mwezi Julai 1901, katika mkutano mkuu uliofanyika London, Koch alieleza kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu, na kwamba hapakuwa na haja ya kuchukua hatua nzito juu ya maziwa. Kauli hiyo iliwashtua maofisa wa afya wa miji ya Uingereza, ambao kila siku waliwaona watoto waliovimba tezi za shingo na kupinda mifupa, watoto waliolelewa kwa maziwa mabichi ya mitaani. Serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuuchunguza ukweli. Tume ilifanya kazi kwa miaka kumi, ikapima wanyama na wagonjwa, na kufikia mwaka 1911 ilikuwa imethibitisha kwamba kiini cha ng'ombe humwambukiza mtu, hususa mtoto, kwa njia ya maziwa. Tume hiyo ilimshinda Koch kwa kutumia kanuni za Koch.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa Kenya amelibeba katika mkono wake wa kushoto. Chanjo ya kifua kikuu anayodungwa mtoto mchanga, ile inayoacha kovu dogo, iliundwa na Wafaransa Calmette na Guérin kutokana na kiini cha ng'ombe walichokidhoofisha kwa miaka mingi, ikaanza kutumiwa mwaka 1921. Kiini ambacho Koch hakukihofu ndicho kilichowapatia watoto wetu kinga. Na kuhusu maziwa, wapo akina mama wengi wa Gusii ambao, kabla ya kuyagandisha maziwa katika kibuyu yawe amabere amaruranu, huyachemsha kwanza. Hawakungojea tume iwaelekeze. Hata hivyo, maziwa mabichi bado yanauzwa vijijini na mijini, na si kila mnunuzi anayeyachemsha.

Sasa nifike kwenye ziwa letu. Koch aliijua Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1897, alipotumwa na serikali yake kuchunguza homa ya malaria na tauni katika koloni la Wajerumani, baada ya kuutafiti ugonjwa wa sotoka huko Afrika ya Kusini. Mwaka 1905 alirudi na kuichunguza homa ya papasi. Hapo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Wapagazi na wenyeji wa njia za misafara walikuwa wamekwisha kulihusisha kuumwa na papasi na kuugua homa. Jina la ugonjwa katika Kiswahili limembeba msababishi wake ndani yake. Koch alikionyesha kiini ndani ya kupe huyo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hakuanzia gizani. Wenyeji walikuwa na maarifa, na maarifa hayo yalikuwa yamehifadhiwa katika neno.

Wakati huo balaa kubwa zaidi lilikuwa limeshuka kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1901 Albert Cook na ndugu yake, madaktari wa hospitali ya Mengo mjini Kampala, walikuwa wamewatambua wagonjwa wa kwanza wa malale. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache watu 200,000 au zaidi walikufa, wengi wao katika Busoga, Buganda na visiwani. Ugonjwa ulizunguka ziwa ukafika ufuko wa Nyanza, ukapanda mabonde ya mito, likiwemo bonde la Kuja. Baridi ya miinuko ya Wagusii haikuwafaa mbung'o, lakini mto ulioanzia Nyamira ulipofika chini uliyapita makazi yao.

Mwaka 1906 Koch, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel, alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala, kimojawapo cha visiwa vya Sese nchini Uganda. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Wagonjwa walikuja kwa hiari yao, kwa mamia na hatimaye kwa zaidi ya elfu, kwa sababu mwanzoni walionekana kupata nafuu: waliokuwa hawawezi kusimama walisimama. Kisha ugonjwa ukawarudia. Koch aliongeza kipimo cha dawa mara dufu. Sindano ziliuma mno, watu wakaanza kutoroka, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka wasipate kuona tena. Baadaye kipimo hicho kikubwa kiliachwa, lakini taarifa zilizopelekwa Berlin ziliendelea kuisifu dawa. Mwaka 1907 Koch alirejea nyumbani, akapokewa kwa heshima kuu. Alikuwa amependekeza vichaka vya ufukoni vifyekwe, mamba wauawe kwa kuwa mbung'o walinyonya damu yao, na wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga. Kambi zilijengwa katika upande wa Wajerumani, mojawapo huko Shirati, hatua chache kutoka mpaka wa Migori ya leo. Nao Waingereza, kwa uamuzi wao, waliwahamisha watu wa ufuko na visiwa vya Uganda kwa amri, hata kufikia mwaka 1909 visiwa vya Sese vikabaki vitupu.

Haki itendeke: Koch hakwenda Sese kuua watu. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, aliishi katika kibanda, akafanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, na ugonjwa aliokabiliana nao ulimwua kila aliyeupata. Lakini tuulize swali moja. Kipimo cha dawa kingeongezwa vile kwa wagonjwa wa Berlin? Baada ya aibu ya tuberkulini, Ujerumani ilikuwa na magazeti, wabunge na madaktari wengine wa kumhoji. Bugala haikuwa na yeyote. Jicho la mkulima wa Sese halikuwa na wa kulisemea. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tofauti kati ya mji wa Ulaya na kisiwa cha Afrika katika miaka ile: viini vilifuata sheria zile zile, lakini wagonjwa hawakuwa na haki zile zile.

Nayo habari hii inawahusu Wagusii moja kwa moja. Mwaka ule ule wa 1907, Koch alipokuwa akimalizia kazi yake Sese, Waingereza walikuwa wakijenga kituo chao cha utawala mahali panapoitwa leo mji wa Kisii. Wenyeji walikiita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Kituo hicho kilitanguliwa na msafara wa kijeshi wa mwaka 1905, na kikafuatwa na mwingine mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote. Vijiji vilichomwa na ng'ombe wakatekwa. Habari za afya zilishuka kutoka kilima hicho hicho zilikoshuka habari za kodi na kazi ya kulazimishwa. Mtu angewezaje kuitofautisha amri ya kumwokoa na amri ya kumtawala? Wala hawakuwa watu wasiojua tiba: ababari wa Kigusii walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la majeruhi aliyesumbuliwa na maumivu, kazi iliyowastaajabisha madaktari wa kigeni. Lakini katika lugha ya Bosongo mwenyeji alikuwa wa kuamriwa, si wa kuulizwa.

Tangu hapo tumebadilisha bendera na watawala, ila sina hakika kama tumebadilisha lugha. Sikiliza jinsi tunavyozungumza na wananchi juu ya maradhi. Kunyweni maji safi. Chanjeni watoto. Laleni ndani ya vyandarua. Kila kitenzi ni cha kuamrisha. Mkulima anapouliza kwa nini, huhesabiwa kuwa mkaidi. Kisha tunashangaa uvumi unaposhinda ukweli, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na 2021 wakati wa Uviko. Uvumi hauamrishi, huketi na mtu, humsikiliza, hujibu swali lake, japo kwa uongo. Ndiyo maana hupendwa.

Lakini ipo njia nyingine, nayo imezaa matunda. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Ziwa lililomshinda mshindi wa Nobel limetulia upande wetu, na kazi hiyo haikufanywa na shujaa mmoja. Ilichukua miongo mingi ya mitego ya mbung'o, upimaji wa damu, utibabu wa mifugo, na wakazi wa Lambwe na mabonde jirani kukubali kutoa habari za wagonjwa wao. Hakuna mtu hutoa habari kwa mtu asiyemwamini.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, majivu yake yakahifadhiwa katika taasisi ya utafiti yenye jina lake mjini Berlin. Wapo wanaotaka jina hilo lifutwe, na wapo wanaotaka lisiguswe. Mimi siungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Tukimfuta, tutampoteza daktari wa Wollstein aliyeonyesha kwamba maskini mwenye hadubini anaweza kuwarekebisha maprofesa. Tukimtukuza, tutawapoteza vipofu wa Bugala, ambao hata majina yao hatukurithishwa. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, walisema wahenga. Na kumwerevusha mwanafunzi ndiyo kazi ya mwalimu.

Basi, mwalimu mwenzangu wa Nyamira, Keroka, Ogembo au Suneka, tarehe 24 Machi ijapo ukiliandika jina la Koch ubaoni, chora mistari miwili. Chini ya mstari wa kwanza waandike wanafunzi alichokithibitisha: kimeta, kifua kikuu, kipindupindu, maji ya Altona. Chini ya wa pili waandike alichotaka kiaminiwe bila kuthibitishwa: dawa ya siri ya 1890, maziwa ya 1901, sindano za Sese. Kisha waulize ni kanuni ya nani iliyoyafichua makosa hayo, na ni nani aliyepaswa kuulizwa lakini hakuulizwa. Watakaoweza kujibu swali hilo la pili, hata kama hawatakuwa madaktari, wataweza kuketi katika mkutano wa kijiji, ofisa wa afya akisimama kunena, wakamwuliza kwa adabu awaonyeshe ushahidi wake. Naye ofisa, akiwa amefundishwa vizuri, atafurahi kuulizwa.